Kikombe cha Togwa Ulichowamwagia Kuku

Mfaranyaki, Songea
Jumapili, saa kumi jioni

Mwanangu Kasiani,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua, nimeiona mchana huu kwa macho yangu mwenyewe. Wewe na mama yako mmekwenda Matogoro kumuaga bibi yako. Mimi nimefunga duka mapema, nimekaa kwenye meza yako ya kutengenezea redio, nyaya na bisibisi nimezisogeza pembeni. Usinikasirikie, nitazirudisha kama zilivyokuwa.

Kilichoniketisha hapa ni kuku. Niliporudi kula mchana niliwakuta kuku wa mama yako wote wamejazana chini ya dirisha lako, wanasukumana na kupigana midomo. Nikasogea kuangalia. Ardhi imelowa, nyeupe nyeupe, inanuka togwa. Nikaingia ndani, nikaona kikombe chako kikubwa cha bati kitupu mezani, na mama yako ananiambia kwa furaha, "Leo amemaliza chote, hata sikumsukuma." Nikasema, "Vizuri." Wewe ukaniangalia, nami nikaangalia ukutani. Unajua mimi si mtu wa kunyamaza, hata wateja wananijua. Lakini nilinyamaza, kwa sababu kosa lile si lako. Ni langu, na lina umri wa miaka mitatu.

Umemwaga kwa sababu kesho alfajiri tunapanda basi la Mbeya. Ni safari ya kutwa, watu wamebanana, halafu chuoni vijana wasiokujua. Unataka tumbo likauke kabla ya kuondoka, lisikuaibishe. Na nina wasiwasi kwamba ukifika huko, kwa kuwa hatutakuwepo sisi wa kukuangalia, utafanya hivyo kila siku. Utakula nusu tonge, utanyonya maji kama ndege, na siku moja nitaletewa habari kwamba umelazwa tumbo limejaa kama ngoma. Au habari mbaya kuliko hiyo. Ndicho ninachokiogopa, Kasiani. Ufundi utaupata, mikono unayo. Ninaogopa tumbo.

Maelekezo sitakupa. Mama yako amejaza daftari zima: saa ya choo, kukanda tumbo kuanzia kulia kwenda kushoto, glavu, kujigeuza kitandani, kipimo cha kimea. Ameandika mpaka namna ya kufua vitambaa, na wewe umekuwa ukivifua mwenyewe tangu mwaka juzi. Mimi nitaandika yale ambayo daftari lile halina.

Nianze na lori. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, tulikuwa tunatoka Namtumbo na magunia ya mahindi, ukaomba upande juu, nikakuruhusu kwa kuwa watoto wote walipanda juu. Lori likayumba kwenye mteremko, ukaanguka pamoja na magunia. Kwa hilo nililia, nikamuuliza Mungu, nikachoka kuuliza. Sasa sijilaumu tena, na wewe usije ukadhani ninajilaumu. Makosa ninayojilaumu yalianza pale ulipotoka hospitali ukarudi nyumbani.

Ili unielewe lazima ujue nilikotoka. Wewe ulizaliwa wakati wa dhiki. Tulipanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni, tukala ule unga wa njano tulioubatiza yanga mpaka tukauota. Mkate tuliusikia kwa jina. Tulichokuwa nacho hapa Songea ni kile kilichotoka shambani: ugali wa dona, likolo la majani ya maboga, maharage, na chungu cha togwa kilichokaa pembeni ya jiko siku zote. Mgeni akija anapewa togwa, mtoto akilia anapewa togwa. Mimi nilikula na kunywa hivyo vyote huku moyoni nikijiambia, siku nikipata, hivi vitu sitaviona tena mezani kwangu.

Halafu ikaja ruksa ya kufanya biashara. Kila mwenye uwezo akafungua duka, na mimi nikafungua langu. Hee! Ungeniona siku ile nilipopanga maboksi ya biskuti kwenye rafu. Soda za kreti, siagi ya kopo, mkate uliokatwa vipande, unga wa sembe mweupe kama chokaa. Nilisimama barabarani nikalitazama duka langu kama bwana harusi anavyomtazama mkewe.

Sasa mtoto wa mtu kama huyo anaanguka, anavunjika mgongo, anarudi nyumbani hawezi kusimama. Baba huyo atampa nini? Daktari alishanieleza, tena kwa upole, kwamba mishipa iliyoumia haikuongoza miguu tu. Alisema utumbo nao utakuwa mzito, hausikii amri kama zamani, na chakula kitapita polepole, kwa hiyo ale vitu vyenye makapi na anywe sana. Nilitikisa kichwa nikasema ndiyo daktari. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama yako, "Mtoto wangu hatakula tena vyakula vya dhiki. Dona basi. Hayo majani basi. Na chungu hicho kitoe hapa, mgonjwa hanyweshwi kitu kilichochacha." Mama yako akasema, "Lakini amekizoea." Nikamjibu vibaya. Unajua ninavyojibu nikikasirika. Akakitoa.

Nikakulisha duka. Asubuhi mkate na siagi, mchana wali au sembe na nyama, katikati biskuti, jioni soda na glukosi. Kila nikikupa nilijiona baba kweli kweli. Watu waliokuja kukuangalia walisema, "Huyu anatunzwa kama mtoto wa waziri," nami nikavimba kichwa. Wewe ulikuwa ukiuliza, "Baba, togwa hakuna?" Nikakwambia togwa ni ya watu wasio na soda.

Wiki ya pili choo kikawa shida. Ya nne kikapotea kabisa. Halafu ghafla kikaanza kutoka maji, kidogo kidogo, mchana kutwa, huwezi kukizuia wala kukisikia. Nikasema mtoto anaharisha. Nikachukua dukani vidonge vya kuzuia kuharisha, nikakupa mwenyewe kwa mkono wangu. Na maji nikakupunguzia, kwa sababu niliona kinachotoka ni maji, basi nikizuia kinachoingia kitaisha. Nilifanya hesabu ya mwenye duka. Mama yako akanikataza, nikamwambia yeye hajui kitu. Siku ya tatu tumbo lilikuwa gumu kama ubao, ukatapika kitu chenye harufu ambayo sijaisahau.

Tukakurudisha hospitali. Unamkumbuka yule sista muuguzi, mfupi, mwenye mikono mikubwa? Alikugusa tumbo mara moja tu akanigeukia.

"Mzee, huyu umempa nini?"

Nikamwonyesha vidonge. Alivichukua akavitia mfukoni mwake kana kwamba ananinyang'anya kisu.

"Haharishi huyu. Amefunga. Kuna kitu kigumu kimeziba njia, na hayo maji unayoyaona yanapita pembeni yake. Wewe umezidi kuziba."

Nilitaka kuingia chini ya kitanda. Alivaa glavu, akakufungua kwa mkono wake, polepole, saa nzima na zaidi, huku akikusimulia habari za mbuzi wa kwao. Alipomaliza akanawa, akaja kukaa karibu nami kwenye benchi la nje.

"Kabla hajaumia alikuwa anakula nini?"

"Chakula cha kawaida tu sista. Dona, likolo, togwa."

"Na sasa?"

Nikamtajia vya dukani. Nilivitaja kwa sauti ndogo, maana nilikwisha kuanza kusikia ujinga wangu.

"Nani alikwambia ubadilishe?"

Ningemwambia nini? Kwamba ni ile foleni ya sukari? Kwamba nilikuwa ninamlisha mtoto mgonjwa njaa yangu ya zamani? Ndiyo kweli yenyewe, lakini imenichukua miaka sita kuijua, na leo ndiyo kwanza naiandika.

Mama yako alibaki nawe wodini, mimi nikarudi nyumbani nikaamua kutengeneza togwa kwa mikono yangu, kama toba. Nikapika uji, ukachemka vizuri, na kwa haraka yangu nikamimina kimea palepale, ungali unatokota. Nikafunika, nikalala nikiwa na imani. Kesho yake nikafunua, ni uji. Si mtamu, si mchachu, umeganda juu kama ngozi ya kiatu. Nikauleta hivyo hivyo wodini. Ukaonja, ukaniangalia, ukasema, "Baba, hii umeiua." Halafu ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu siku ya lori. Mama yako alicheka mpaka akatoka nje, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakataka waelezwe. Ndipo nikafundishwa na wanawake wa wodi nzima kwamba uji lazima upoe mpaka kidole kivumilie ndipo kimea kiingie, kikikuta moto kinakufa. Miaka yote hiyo nimekunywa togwa, sikuwahi kujua.

Tulirudi kwenye chakula chetu, pamoja na maji mengi na ile ratiba ya choo aliyotupa sista, kila siku ya pili asubuhi, baada ya kunywa kitu cha moto. Mwezi haukuisha tumbo likatulia. Nami, unanijua, nikatoka kwenye ujinga mmoja nikaingia mwingine. Nikawa mhubiri wa togwa. Kila mteja aliyekuja kununua kiberiti nilimshikilia nikamweleza kwamba togwa inafufua mishipa. Nikaenda hata kwa sista kumuuliza kama nikikuongezea mpaka vikombe sita utasimama. Alinitazama kwa huruma, na huruma ya mtu mwenye haraka ni fupi.

"Mzee, togwa haitengenezi mgongo. Ni chakula kizuri. Tumboni mwetu kuna vijidudu vingi vinavyosaidia kazi, na vyakula vilivyochachuka vizuri huenda vinavisaidia. Lakini usiipe togwa sifa zote. Ni dona pia, ni majani, ni maji, ni ile saa msiyoibadilisha. Na chungu kioshwe, maji yachemshwe. Ikikaa ikawa kali, hiyo ni pombe, wanywe wazee."

Nilivunjika moyo. Nilitaka kitu kimoja cha kushika, akanipa vitano vidogo vidogo. Lakini nimeona baadaye kwamba maisha yako yanakwenda kwa hivyo vidogo, mwanangu, na yanakwenda vizuri. Haikuja hata siku moja dawa kubwa. Umekua, umejifunza kujihamisha kitandani, umejifunza redio kwa kuzifungua za watu na kuzifunga tena, na tumbo lako umelijua kuliko daktari yeyote. Nilianza kuamini kwamba nimelipa makosa yangu yote.

Sasa naingia mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Siku ya kipaimara chako. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Wiki ile kidonda cha makalio kilikuwa kimekusumbua, ukapewa dawa kali za kuua vijidudu, na zile dawa zikaua na vile vya tumboni, au ndivyo sista alivyotueleza baadaye. Tumbo likalegea. Tulijua, lakini shati jeupe lilikwisha kushonwa na wageni walikwisha kufika kutoka Mjimwema na Namtumbo. Tukaenda. Baiskeli yako ya magurudumu matatu tukaiweka mwisho wa benchi, upande wa njia, mimi karibu yako, mama yako nyuma yangu.

Katikati ya mahubiri nikasikia harufu. Nikajua. Wewe ulikuwa bado hujajua, hilo ndilo linaloniuma zaidi, ulikuwa unamsikiliza padri umeinua uso. Watu wa benchi la mbele wakageuka. Mama mmoja akaweka kitambaa puani. Mteja wangu mkubwa, yule mwenye mashine ya kusaga, akanitazama mimi, wala hakukutazama wewe. Nikasimama. Nikapita mbele yako kama mtu aliyeitwa, nikatoka nje.

Nilikwenda walipoegesha baiskeli, nikainama kwenye yangu, nikaanza kushikashika mnyororo. Mzee mmoja akapita akauliza, "Vipi, umekatika?" Nikamwambia, "Umetoka." Haukuwa umetoka, Kasiani. Mnyororo ulikuwa mzima. Nilichafua mikono yangu kwa grisi ili nionekane nina kazi. Nikiwa pale nikamwona mama yako anatoka anakusukuma peke yake, amevua kitenge chake amekufunika nacho, amebaki na gauni tupu mbele ya parokia nzima, na shingo ameinyoosha. Mwanamke yule! Hakuniita. Nami sikuwakimbilia. Nikawafuata kwa mbali mpaka nyumbani, nikisukuma baiskeli, kama mtu asiyewafahamu.

Ulipokwisha kuoga na kubadilishwa nilikuja mlangoni mwako. Ukaniuliza, "Baba, mnyororo umetengenezeka?"

Nikasema, "Ndiyo."

Hayo tu. Tangu siku ile hatujalizungumza. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba uliuliza kwa nia njema, kwamba uliniamini. Lakini tangu siku ile pia, kila tukitaka kwenda mahali, harusi, msiba, hata kliniki, siku moja kabla unaacha kunywa. Mama yako anadhani ni hofu ya safari. Mimi najua. Aibu ile hukuzaliwa nayo. Hospitali hukuwa nayo, pale ulicheka, ulimwuliza sista maswali mbele ya watu kuhusu choo chako kana kwamba unauliza habari ya mvua. Aibu umefundishwa na mimi, siku moja, kwa kusimama kwenye benchi.

Nisamehe, mwanangu. Nimelichelewesha neno hili miaka mitatu kwa sababu kila nikilifungulia mdomo linatoka swali la betri au habari ya bei ya sukari. Naliandika sasa ili lisiweze kugeuka. Nilikukimbia. Hukuwa umefanya kosa lolote, ni mwili tu ulikuwa unaumwa, na mimi mzima wa miguu yote miwili nikashindwa kukaa.

Huko chuoni utakutana na watu kama mimi. Watakuwa wema, watakupenda, halafu siku moja watasimama watoke. Siwezi kukuahidi kwamba hawapo. Ninachokuomba ni usiwalipie wao kwa tumbo lako. Mtafute mmoja, mmoja anatosha, awe patroni wa bweni au kijana wa kitanda cha jirani, umwambie mapema na kwa maneno ya wazi jinsi mwili wako unavyokwenda. Usisubiri litokee. Wewe una kipaji cha kueleza mambo, nimekusikia ukimweleza bibi yako redio inavyoshika mawimbi mpaka akaelewa. Eleza na hili. Na kama mtu huyo atakunja uso, mwache, tafuta mwingine, kula chakula chako, kunywa maji yako, nenda darasani.

Mimi sitajifanya kwamba nimekuwa mtu mwingine. Bado ni mkali, bado napenda watu waniheshimu, na nikifikiria basi la kesho na vile viti vilivyobanana, mimi ndiye ninayeogopa. Nakwambia kweli ili usidhani ujasiri ni kitu ambacho wenzako wanacho na wewe huna. Lakini nimekata tiketi za viti viwili vya mbele, wewe dirishani, mimi njiani. Suruali yako ya pili iko kwenye begi langu, juu kabisa, na vitambaa, na sabuni, na dumu la maji. Likitokea, nitamwambia dereva asimame kwa sauti hii hii ninayoitumia dukani, nitakubeba mwenyewe, nitakuosha kando ya barabara, na mwenye kuziba pua azibe.

Nasikia mama yako anabishana na mtu pale njia panda, mnarudi. Kuna togwa ya leo asubuhi kwenye chungu, bado haijakuwa kali. Nitakumiminia kikombe na kukupa pamoja na barua hii, kisha nitakaa hapa hapa chumbani, kando yako, mpaka umalize kusoma.

Safari hii sitoki nje. Kunywa, Kasiani.

Baba yako